UZI: Mzazi mwenye magoti usimuulize "unaendeleaje?", muulize anaingiaje chooni

Mwana wa Mwaloni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa yeyote mwenye mama, baba, bibi au shangazi anayelalamika magoti, hasa sisi wa huku Kigoma ambao wazee wetu wameishi kwa kazi za kuinama na kuchuchumaa tangu utotoni. Ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mama yangu ana miaka 67, tunakaa Ujiji. Kazi yake tangu nimepata akili ni dagaa: ananunua mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri, anaanika, anafunga magunia, anauza kwa wanaosafirisha. Magoti yalianza kumsumbua kama miaka sita iliyopita. Eksrei ikapigwa, tukaambiwa ni osteoathraitisi, gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, la magoti yote mawili limelika, la kulia zaidi. Mtaani wanaita baridi yabisi, wengine wanasema ute umeisha. Baridi yabisi yenyewe ni ugonjwa mwingine, ule ambao kinga ya mwili inageuka kushambulia viungo, na tiba yake si hii. Hilo nalisema mapema kwa sababu nimeona watu wakibadilishana dawa kwa kufananisha majina.

Kwa miaka sita kliniki ilikwenda hivi. "Shikamoo mama, unaendeleaje?" "Marahaba mwanangu, namshukuru Mungu, naendelea vizuri, ni huu mguu tu unanisumbua kidogo." Anaandikiwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, tunarudi nyumbani. Foleni nje ni ndefu, daktari ana dakika chache, na mama hakusema uongo. Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa habari unajibu njema kwanza, hata kama kuna mgonjwa ndani utasema "hatujambo, ila", na hiyo "ila" ndiyo yenye habari yote. Kliniki wanaondoka na njema, "ila" inabaki kwa mgonjwa.

Mwaka jana dada yangu alikuja likizo kutoka Mpanda. Siku ya tatu akanivuta pembeni akaniambia, "Umeona kwamba mama hanywi maji baada ya alasiri?" Sikuwa nimeona. Akakaa naye chumbani, mama akazunguka weee, mwisho akatoa. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Usiku mmoja aliingia akashindwa kuinuka. Akabaki humo ameshikilia mwimo wa mlango mpaka adhana ya alfajiri, anaona haya kuniita mimi mtoto wa kiume. Tangu siku hiyo akaamua jioni asinywe kitu.

Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili.

Sasa unganisheni na hili: mama ana presha, na zile diklofenaki alikuwa anameza karibu kila siku. Dawa za kundi hilo hupandisha presha, huumiza tumbo hadi vidonda, na huelemea figo. Mtu asiyekunywa maji ya kutosha akizitumia, mzigo wa figo unakuwa mkubwa zaidi. Tulirudi hospitali mara moja, dawa zikabadilishwa, figo zikapimwa, alhamdulillahi. Lakini nilijiuliza: hatari yote ile ilikuwa imejificha nyuma ya swali moja ambalo hakuna aliyeuliza, mimi wa kwanza.

Naendelea chini.

Mwana wa Mwaloni

Baada ya hapo nikaanza kutafuta: wenzetu wanapimaje goti? Maana eksrei peke yake haitoshi. Kuna kipimo cha kusoma eksrei cha Kellgren na Lawrence, kipo tangu 1957, kinapanga goti kuanzia 0 hadi 4, na 4 ndiyo mbaya kabisa. Ila utamkuta mtu ana 3 kwenye picha na anapanda mlima na mzigo, na mwenye 2 hawezi kuinuka mkekani. Picha inaonyesha mfupa tu. Choo, jiko na mkeka haviko kwenye picha.

Kumbe yapo madodoso, yaani orodha za maswali, ya kazi hiyo. Linalotajwa sana ni WOMAC, lilitengenezwa Kanada na Nicholas Bellamy na wenzake, herufi zake zinatokana na vyuo vikuu vya Western Ontario na McMaster, likachapishwa 1988. Lina maswali 24: matano ya maumivu, mawili ya kukakamaa, na 17 ya shughuli za kila siku. Kila swali linapata 0 hadi 4, kwa hiyo jumla haizidi 96, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo hali ilivyo mbaya. Kilichonigusa ni ule uwiano: maumivu matano, shughuli 17. Sisi kwa miaka sita tulikuwa tunaulizwa maumivu tu.

Nikakaa na mama barazani, jioni, dada akiwa pembeni. Maswali mengine yaliingia moja kwa moja: kuinuka ukiwa umekaa, kusimama, kuinama hadi chini, kutembea tambarare, kugeuka kitandani. Tulipofika la kuvaa soksi, mama akanitazama. Hajawahi kuvaa soksi. La kuingia kwenye beseni la kuogea, naye anaoga kwa ndoo na kata. La ngazi, na nyumba yetu haina ngazi.

Ningeweza kuyaruka. Dada ndiye aliyesema, "Soksi ni nini? Ni kufikisha mkono kwenye unyayo. Mama anaufikia unyayo lini?" Anapotawadha. Mara tano kwa siku anaosha miguu. Tukamuuliza hilo, akanyamaza kidogo, akasema siku hizi anamimina maji kutoka juu, mkono haufiki. Tukaandika 3.

Tukaendelea hivyo hivyo. Badala ya beseni, kuinama kuchota maji kwenye ndoo. Badala ya ngazi, kupandisha kile kilima kutoka mwaloni akiwa na beseni la dagaa kichwani, na kuteremka, maana kuteremka kunamuuma kuliko kupanda. Badala ya gari dogo, kupanda hiace, ile hatua ya kwanza ya mlangoni, au kuvusha mguu juu ya bodaboda. Halafu tukaongeza ambayo hayamo kabisa: kuchuchumaa chooni, kusujudu, kukaa tahiyatu, kukaa mkekani na kuinuka.

Kusujudu ndiko kulikotoa machozi. Mama alikuwa anasali kwenye kiti miezi minane na hakutuambia. Ruhusa ipo kwa mgonjwa, analijua hilo vizuri kuliko mimi. Lakini alisema, "Naswali, ila paji la uso halijui tena udongo."

Jumla ya maswali 24 ilikuwa 58: maumivu 11, kukakamaa 4, shughuli 43. Yale manne ya kwetu tuliyaandika peke yake. Mtu huyu ndiye aliyekuwa "naendelea vizuri".

Mbuyu wa Kasulu

Mleta uzi pole sana, na mpe pole mama. Mimi nina ushauri mwepesi: mpe bamia, achemshe anywe yale maji asubuhi. Ute wa magoti unarudi. Shangazi yangu alipona.

Mwana wa Mwaloni

Ahsante mkuu Mbuyu, najua umesema kwa nia njema. Bamia ni mboga nzuri, mama anaila. Lakini ute wa bamia unamezwa na kusagwa tumboni kama chakula kingine, hauendi kwenye goti kama ute. Na gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likilika halijijengi kama kidonda cha ngozi. Kuhusu shangazi yako, nakuomba kitu kimoja: muulizeni anaingiaje chooni usiku. Huenda amepona kweli. Huenda pia anajibu njema.

Fizio wa Tabora

Habari wadau. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, nafanya kazi Tabora mjini. Uzi huu umenifurahisha, naomba niongeze machache na nirekebishe moja.

Kwanza, kubadilisha maswali mmefanya jambo la maana kwa maisha ya mama, ila kumbuka ukishabadilisha soksi kuwa kutawadha, hiyo namba yako si WOMAC tena. Usiilinganishe na namba za mgonjwa wa nchi nyingine wala za kwenye makala. Ilinganishe na ya mama mwenyewe mwezi ujao. Kwa matumizi ya nyumbani hiyo inatosha kabisa. Madodoso haya hutafsiriwa kwa utaratibu wake, mmoja anatafsiri, mwingine anarudisha kwenye lugha ya kwanza bila kuona ile ya awali, kisha yanajaribiwa kwa wagonjwa.

Pili, lipo dodoso la KOOS, la Ewa Roos na wenzake, 1998. Lina maswali 42 na liko huru kutumia. Ndani yake mna maswali ya WOMAC, yameongezwa ya michezo na manne ya ubora wa maisha: goti linakujia akilini mara ngapi, umebadilisha maisha yako kiasi gani kwa ajili yake, unaliamini au huliamini, na kwa jumla linakutatiza kiasi gani. Tahadhari: KOOS inakwenda kinyume. 100 ni goti zima, 0 ni baya kabisa. Nimeshaona faili ambalo mgonjwa alionekana ameharibika kumbe alikuwa amepata nafuu, mtu alichanganya mwelekeo.

Tatu, maneno ya mgonjwa yaende pamoja na kumwona akifanya. Mtu anaweza kusema naweza, ukimwambia asimame unakuta sivyo. Mwaka 2013 jopo la OARSI, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa osteoathraitisi, lilipendekeza vipimo vya kutenda, na viwili unaweza kuvifanya uani kwako. Cha kwanza, kiti imara kisicho na mikono, kiegemezwe ukutani, mgonjwa akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Cha pili, aanze amekaa, ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi, akae, wewe unahesabu sekunde. Kwa mwanamke wa umri wa mama yako, chini ya mara 11 kwenye kiti ni pungufu. Kwenye mita 3, sekunde 12 au zaidi ni dalili kwamba anaweza kuanguka. Simama karibu naye, tafadhali, tayari kumdaka.

Mwana wa Mwaloni

Mkuu Fizio, Mungu akubariki. Jana tumefanya.

Nilipima mita 3 kwa futi ya fundi, nikachora mstari kwa mkaa. Kiti cha plastiki nilikiona chepesi, nikaazima cha mbao kutoka madrasa ya jirani. Mama alivua kandambili. Nikabonyeza simu. Ya kwanza aliinuka vizuri. Ya pili vilevile. Ya tatu nikaona mkono wa kulia umetoka kifuani unatafuta paja la kujisukumia, akakumbuka, akaurudisha. Ya nne alikuwa ameegemea kushoto, kalio la kulia linatangulia kukaa kwa kishindo. Ya tano anahema. Ya sita alipokaa sekunde zikaisha. Sita. Nimeishi na mama huyu maisha yangu yote, namwona akikaa na kuinuka kila siku, na sikuwahi kujua kwamba kuanzia mara ya nne anainukia mguu mmoja.

Mita 3 alitumia sekunde 19.

Kisha akaniuliza, "Wenzangu wanapata ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Basi na mimi nitafika."

Binti Mwanga

Kaka, asante. Umesema mengi ya mwili, mimi nataka uguse la watu. Mama yangu mdogo ana magoti hivyohivyo, na kilichotuumiza hapa mtaani ni kwamba aliacha kwenda misibani. Watu wakaanza kusema ameota kiburi, siku hizi anatuma mchango tu. Hatukuwa na habari. Msibani wanawake tunakaa chini, mkekani, saa nne, saa tano. Yeye akikaa chini hainuki bila watu wawili kumshika makwapa. Akaona bora aonekane na kiburi. Hilo liko kwenye dodoso gani?

Mwana wa Mwaloni

Dada yangu, umenigusa penyewe. Mama naye vilevile, kakosa matanga matatu, moja la shoga yake waliyeanza naye dagaa.

Haliko kama lilivyo kwenye dodoso nililoliona. Lipo moja fupi, EQ-5D, lina mambo matano tu: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, halafu mgonjwa anajipa alama ya afya yake ya leo kuanzia 0 hadi 100. Hapo kwenye shughuli za kawaida na kwenye huzuni ndipo msiba unapopenya, kama muulizaji atasubiri jibu. Kwa maoni yangu kwetu sisi liwe swali kamili, peke yake: mwezi huu umekosa msiba, arusi au kisomo gani kwa sababu ya goti? Mtu aliyekosa watu wake hana ubora wa maisha hata kama maumivu ni 2 kati ya 10.

Tulichofanya sisi, dada alikwenda kwa kinamama wa mtaa akawaeleza wazi. Sasa mama akifika anapewa kigoda kirefu karibu na ukuta, hakuna anayeuliza. Mwambie mama mdogo wako, watu wakijua hawana shida.

Mkali wa Mwandiga

Nina miaka 34, niliumia goti kwenye mpira, limeanza kulia kama kokoto. Hili linanihusu?

Fizio wa Tabora

Linakuhusu. Goti lililowahi kuumia lina hatari kubwa ya osteoathraitisi baadaye. KOOS ilitengenezwa kwa kuwafikiria na vijana kama wewe, ndiyo maana ina maswali ya kukimbia, kuruka na kujigeuza. Mlio peke yake bila maumivu si ugonjwa. Nenda ukaonwe.

Na kwa wote: goti likivimba ghafla, likawa la moto, pamoja na homa, acha madodoso, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mleta uzi, swali: mlimpima mama siku gani ya mwezi?

Mwana wa Mwaloni

Sikukuelewa mwanzo, mpaka mama mwenyewe akacheka. Wakuu, dagaa wetu wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, na mama naye anapumzika, na goti linapumzika. WOMAC inauliza hali ya saa 48 zilizopita, KOOS inauliza wiki moja. Kwa hiyo ukimpima mama mbalamwezi utaona nafuu ambayo siyo, kisha ukimpima siku za giza utaona ameharibika. Tumekubaliana: siku ya tano ya giza, asubuhi kabla hajaenda mwaloni, kiti kilekile.

Nafupisha yaliyofuata. Mtaalamu alimpa mazoezi, kubwa likiwa lilelile la kuinuka kitini, na la kulala chali akinyanyua mguu ulionyooka kuimarisha msuli wa paja, mara tatu kwa wiki. Anapunguza uzito taratibu, kwa kuwa kila kilo inayotoka inaondoa kama kilo nne za mgandamizo gotini katika kila hatua. Fimbo anaishika mkono wa kushoto, upande wa pili wa goti bovu, si upande ule ule kama wengi tunavyodhani. Fundi seremala akatutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo, na nikapigilia ubao wa kushikia ukutani. Na dagaa hawaanikwi tena mchangani, tumejenga vichanja vya miti na nyavu vinavyomfikia kiunoni. Hakuna kuinama, na dagaa wenyewe wanatoka wasafi, wanunuzi wameona.

Kitu nilichojifunza ni kwamba kila kimoja kati ya hivyo kilitoka kwenye swali fulani. Kiti cha choo kilitoka kwenye swali la choo, kichanja kwenye swali la kuinama, kigoda kwenye la msiba. Tungepima maumivu tu, tungetoka na dawa ya maumivu tu.

Baada ya miezi mitatu: kiti mara 9. Mita 3 sekunde 14. Maswali 24, jumla 41: maumivu 8, kukakamaa 3, shughuli 30. Bado hajafika pale mtaalamu alipotaja. Anakunywa maji usiku.

Mbuyu wa Kasulu

Nimerudi. Nilimpigia shangazi, nikamuuliza ulivyosema. Akanyamaza muda mrefu. Ameniambia anatumia ndoo chumbani tangu masika, anaimwaga alfajiri kabla wajukuu hawajaamka. Jumamosi nashuka na fundi. Nisaidieni, kile kiti cha kupimia kinatakiwa kiwe na kimo gani?

Fizio wa Tabora

Sentimeta 43 hivi, kutoka sakafuni hadi pa kukalia. Kikiwa kifupi kidogo si neno, mradi utumie hichohicho kila mara. Cha choo kifanye kirefu kuliko hapo, goti lisikunjwe sana, na miguu yake fundi aitanue kisije kikapinduka. Akikaa, nyayo zote mbili ziguse chini.